Kamera Ndogo za Filamu za Zamani: Ipi Ununue Kwanza

Anayeanza kukusanya kamera ndogo za filamu huvutwa na majina makubwa. Mimi nazipanga kwa kigezo kimoja: ikiharibika, fundi ataweza kuifungua na kuitengeneza? Ndiyo maana za bei mbaya zimeangukia mkiani.

Inayoongoza ni Olympus Trip 35. Ilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984, kwa hiyo zilizobaki ni nyingi na bei yake bado inabebeka. Haihitaji betri, kwa sababu seleni iliyozunguka lenzi huzalisha umeme kidogo kutokana na mwanga, na umeme huo ndio unaosukuma sindano ya kipimo cha mwanga. Ikaguliwe hivi: weka pete ya lenzi kwenye A (otomatiki), ziba lenzi na seleni yake kwa kiganja, kisha bonyeza. Kibendera chekundu kichomoze kwenye kidirisha cha kuchungulia na shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, igome. Wauzaji wengi huishia hapo, lakini hata seleni iliyokufa hufaulu jaribio hilo! Ielekeze kwenye mwanga mkali ubonyeze tena. Ikigoma na hapo, irudishe mezani.

Ya pili ni Olympus XA2 ya 1980, ndogo kuliko Trip na inaingia mfukoni bila kubana. Unachagua umbali kati ya alama tatu, na ukifunga kifuniko chake cha kutelezesha alama inarudi katikati yenyewe. Dada yake mkubwa XA, ya 1979, ana kipima umbali halisi na lenzi ya f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi hupitisha mwanga zaidi). Kazi nzuri ya Yoshihisa Maitani, mbunifu wa kamera wa Olympus, ila zote mbili bila betri hazipigi picha.

Canonet QL17 GIII ya 1972 ni nzito kidogo, lakini lenzi yake ya f/1.7 inafaa sana ndani ya nyumba. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 1.35, na haitengenezwi tena. Ukitia ya volti 1.5 kipimo kinaweza kudanganya, ingawa ukipanga kila kitu kwa mkono kamera inafanya kazi hata bila betri.

Rollei 35, iliyotoka 1966, ni ya mpenzi wa mitambo. Umbali unaukisia kwa macho, na lenzi hairudi ndani mpaka filamu iwe imesogezwa mbele. Asiyejua hilo huilazimisha na kuivunja. Watu hulipa zaidi kwa iliyoandikwa Ujerumani kuliko ya Singapore. Kama unataka picha, usijisumbue.

Yoyote utakayochagua, fungua mgongo wake kabla ya kulipa. Sponji za kuzuia mwanga huoza zikawa kama lami, lakini kuzibadilisha ni kazi rahisi. Ukungu ndani ya lenzi ndio wa kukimbia: mulika tochi, tafuta nyuzi kama za buibui. Muuzaji asiyetaka ufungue anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mwisho kabisa naziweka Olympus mju II ya 1997 na Contax T2 ya 1990. Picha zake ni safi, sibishi, na lenzi ya T2, Sonnar ya kampuni ya Zeiss, ina sifa inayoistahili. Lakini ndani ni elektroniki tupu, vipuri ni vya kuokoteza kwenye kamera nyingine zilizokufa, na bei imepaa kwa sababu ya umaarufu kuliko ubora. Zinunue ukiwa tayari una Trip inayofanya kazi.