Tathmini ya mfumo wa mishahara: miezi minane ya kuutumia katika nyumba ya wageni Jambiani

Ninaandika hesabu za nyumba ya wageni yenye wafanyakazi 14 huko Jambiani, Mkoa wa Kusini Unguja, na kwa miaka mingi mishahara yao niliiandaa kwa daftari na kikokotoo kila ifikapo tarehe 25 ya mwezi. Mwaka jana mwenye nyumba aliamua tununue mfumo wa kompyuta uliotengenezwa Dar es Salaam, ambao wafanyabiashara wenzake wa Bara walimsifia sana. Jina la mfumo huo sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nilizikuta pia katika mifumo mingine miwili niliyoijaribu baadaye, na si haki mmoja abebe lawama za wote. Ninawaandikia wahasibu na waajiri wa Unguja na Pemba wanaofikiria kununua kitu cha aina hii, na pia wafanyakazi wanaopokea hati za mshahara zilizotoka katika mifumo hiyo.

Nianze na kilichonifurahisha. Mfumo huu hutoa hati ya mshahara kwa Kiswahili fasaha, mstari kwa mstari: mshahara wa mkataba, saa za ziada, posho, makato ya hifadhi ya jamii, kodi, mkopo, na mwisho kiasi anachopokea mtu mkononi. Hati hiyo humfikia mfanyakazi kwenye simu yake kabla hata fedha haijaingia. Zamani nilikuwa nikiwapa kikaratasi chenye tarakimu tatu, nao wakikikunja na kukitia mfukoni bila kukisoma. Mwezi wa kwanza wa mfumo huu nilimkuta mpishi wetu amekaa kwenye baraza ya jikoni, miwani puani, akiisoma hati yake kwa sauti kwa msaidizi wake na kumweleza kila neno. Ni mwanamke mtu mzima aliyefanya kazi katika mahoteli ya mwambao kwa zaidi ya miaka 20, na aliniambia kuwa hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuona fedha yake imeandikwa kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Mfumo pia huhifadhi kazi pale intaneti inapokatika na kuipeleka ikirudi, jambo ambalo mwenzangu anayeutumia katika duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake amelisifu kuliko mengine yote.

Tatizo linaanza pale unapousajili. Mfumo unakuuliza mkoa wa biashara yako, na katika orodha inayofunguka mikoa yetu mitano imo yote: Mjini Magharibi, Kaskazini Unguja, Kusini Unguja, Kaskazini Pemba na Kusini Pemba, imepangwa kwa herufi pamoja na Arusha, Kagera na Mtwara. Nilichagua Kusini Unguja nikaamini kwamba sasa hesabu zitafuata sheria za huku. Kumbe kilichobadilika ni anwani tu juu ya hati. Chini yake kila kitu kilibaki cha Bara.

Hapa ndipo penye shina la jambo lenyewe, na nasikitika kuwa watengenezaji wengi hawalijui. Kazi na ajira si miongoni mwa mambo ya Muungano, yaani yale yanayoamuliwa kwa pamoja kwa Bara na Zanzibar. Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo yenyewe inatamka kuwa inawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 na, kwa mambo ya vyama na migogoro, Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huohuo. Maofisa kazi wetu ni wengine, mifuko yetu ni mingine, na kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi hutangazwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, si kwa amri ya mishahara ya Bara inayokwenda sekta kwa sekta. Kodi ya mapato ya mshahara, kwa upande wake, ni jambo la Muungano, na mstari huo haukunipa taabu yoyote. Kwa hiyo mtu anayeutazama mfumo kwa haraka ataona kodi iko sawa, atatulia, na atadhani mengine yote yako sawa vilevile.

Mimi mwenyewe nilitulia hivyo, na kosa hilo ni langu. Nilipoona mstari wa hifadhi ya jamii umeandikwa NSSF, yaani mfuko wa Bara, nilibadilisha jina likawa ZSSF, mfuko wa Zanzibar, kwa kuwa mfumo unaruhusu kubadilisha jina, nikaendelea na kazi. Sikutazama asilimia. Mfumo unagawa mchango wa NSSF nusu kwa nusu, asilimia 10 kwa mwajiri na asilimia 10 kwa mfanyakazi, na asilimia hizo zimefungwa; mtumiaji hawezi kuzigusa. Katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, mfanyakazi hukatwa asilimia 7 na mwajiri ndiye anayebeba sehemu kubwa zaidi. Jina lilikuwa la huku na makato yalikuwa ya kule.

Aliyegundua ni yule mpishi. Mwezi wa pili alikuja mezani kwangu na hati mbili, ya zamani ya kikaratasi na mpya ya simu, akazilaza pamoja. "Mwanangu," aliniambia, "mshahara haujapanda, mbona makato yamepanda?" Mshahara wake ni shilingi 400,000. Asilimia 7 ni shilingi 28,000, na mfumo ulikuwa umemkata 40,000. Fomu ya michango tunaipeleka ZSSF sisi wenyewe kwa viwango vyao, hivyo mchango uliofika kwenye mfuko ulikuwa sahihi, na zile shilingi 12,000 za kila mwezi zilikuwa zimebaki katika akaunti ya nyumba ya wageni bila mtu kujua. Tulimrejeshea shilingi 24,000 siku ileile, na wenzake 13 kila mmoja kwa kiasi chake, na mwenye nyumba aliwaomba radhi wote mbele ya jengo la mapokezi. Lakini fikiria mahali ambapo hakuna mpishi aliyehifadhi vikaratasi vyake vya zamani. Kwa mshahara kama wake, hiyo ni shilingi 144,000 kwa mwaka, inayotoka mfukoni mwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuandaa mkate wa wageni, nayo imeandikwa kwa Kiswahili kizuri kiasi kwamba hakuna anayeitilia shaka.

Jambo la pili lilinigusa zaidi. Mmoja wa wahudumu wetu wa vyumbani alikwenda likizo ya uzazi. Nilijaza tarehe ya kuanza, na mfumo ukajaza wenyewe tarehe ya kurudi. Sikuihesabu. Tarehe 25 ya mwezi aliopaswa kurejea nilipofungua orodha ya malipo nikaona jina lake limewekewa alama nyekundu na maneno "hayupo kazini bila ruhusa, siku 6", na mshahara wake wa shilingi 390,000 umepunguzwa kwa shilingi 78,000. Nilikaa nikitazama maneno yale kwa muda. Binti huyu alikuwa nyumbani kwa mama yake Makunduchi, mtoto wake bado mchanga, na kwa hesabu yetu alikuwa ndani ya haki yake kikamilifu. Mfumo ulikuwa umempa siku 84, ambazo ndizo za sheria ya Bara kwa mtoto mmoja. Zanzibar ni siku 90. Angejifungua mapacha kosa hili lisingeonekana, kwa kuwa pande zote mbili hutoa siku 100.

Hakupoteza fedha, kwa sababu niliona kabla ya kulipa. Ila jinsi nilivyolazimika kulisahihisha ndiko kunakoonyesha ubovu wa mfumo. Siku 84 nazo zimefungwa. Sikuweza kuandika 90, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kuziingiza zile siku sita kama "ruhusa maalumu kwa idhini ya mwajiri". Sasa katika kumbukumbu za nyumba ya wageni, haki ya kisheria ya mzazi imeandikwa kana kwamba ni hisani aliyofanyiwa. Siku akija mkaguzi, au siku mfanyakazi huyo akitaka ushahidi wa jinsi alivyotendewa, ndivyo atakavyosoma. Nimeandika maelezo kwa mkono na kuyaweka katika jalada lake, nayo yana saini yangu na ya mwenye nyumba.

Baada ya hapo nilikaa siku mbili nikipitia mfumo mzima nikiwa na nakala ya Sheria ya Ajira ya Zanzibar pembeni. Ukurasa wa likizo ya ugonjwa unahesabu siku 126, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, ambayo ni kanuni ya Bara. Ukurasa wa malipo ya kuachishwa kazi unahesabu mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10, ambayo pia ni kanuni ya Bara. Kuna mstari wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ni wa Bara na hauwahusu waajiri wa Zanzibar, na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliotokana na sheria ya mwaka 2023, haumo kabisa katika orodha ya makato. Sehemu ya kima cha chini ina jedwali refu la viwango vya Bara kwa sekta mbalimbali, na inakupa ujumbe wa kijani, "umezingatia sheria", ukiwa umelinganishwa na jedwali lisilokuhusu.

Sikukuu zinastahili neno lao. Mfumo umejaza Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, siku ya Karume ya tarehe 7 Aprili na Muungano wa tarehe 26 Aprili bila kosa. Idi, hata hivyo, umeiwekea tarehe tangu mwanzo wa mwaka, na kuibadilisha kunahitaji kuomba kwa watengenezaji, ilhali sote tunajua kuwa Idi inategemea kuandama kwa mwezi na tangazo huweza kutoka usiku. Wageni wa Jambiani hawaondoki siku ya Idi; wapishi, walinzi na wahudumu wa vyumbani hubaki kazini wakati jamaa zao wamekwenda kuswali na kutembeleana. Siku ikisogea kwa moja, mtu aliyeitoa Idi yake kwa ajili ya kazi analipwa kama aliyefanya kazi siku ya kawaida, na aliyefanya kazi siku ya kawaida analipwa malipo ya sikukuu. Kwa wafanyakazi wetu hilo si suala la tarakimu peke yake.

Huduma kwa mteja ni ya adabu na ya haraka, na ningekosea kutosema hivyo. Kijana aliyenipokea kwenye simu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Samahani sana dada yangu, Zanzibar tumeiweka kama mkoa, sikujua kuwa sheria ni tofauti." Nilimtumia nakala za sheria zetu na mifano ya hesabu. Baada ya wiki tatu asilimia za hifadhi ya jamii zilifunguliwa kwa akaunti yetu, na hilo ninawashukuru. Likizo ya uzazi ilikuwa bado imefungwa nilipoulizia mara ya mwisho, na mabadiliko ya Idi bado yanapitia kwao.

Kwa mwenye biashara ya Bara, huu ni mfumo mzuri, na ada ya mwaka inalingana na kazi unayoifanya. Kwa mwenye biashara ya Unguja au Pemba, siushauri kwa sasa kama chombo cha kuhesabia. Tunachofanya Jambiani ni kurudi kwenye daftari: ninahesabu michango, likizo na malipo ya sikukuu kwa mkono, namalizana nayo, kisha ninaingiza majibu katika mfumo ili utoe hati na kuituma kwenye simu. Ukiwa unafikiria kuununua, waombe kwanza wakuonyeshe mambo mawili mbele yako, asilimia ya mfanyakazi katika ZSSF na idadi ya siku za likizo ya uzazi, na usikubali ahadi kwamba yatarekebishwa baada ya kulipa. Na kama wewe ni mfanyakazi na umetumiwa hati yenye jina ZSSF, chukua kikokotoo, zidisha mshahara wako kwa 7, gawa kwa 100, kisha tazama kama jibu linalingana na kilichoandikwa. Mpishi wetu sasa hufanya hivyo kila mwezi kwa ajili ya wenzake wote, na mimi humngoja amalize kabla sijaidhinisha malipo.