Salfa kwenda, kopa kurudi: tathmini ya njia ya Dar es Salaam kwa mizigo ya Kongo

Mwenye mzigo wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, miji ya migodi ya kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anaponunua usafiri wa njia ya Dar es Salaam, ananunua huduma moja kwa watu wengi: bandari, wakala wa forodha, mwenye lori, mizani, mipaka miwili na ofisi za Kongo upande wa pili. Ukimwuliza kila mmoja, atakwambia kipande chake kiko sawa na tatizo lipo kwa mwenzake. Hapa tunaipima nzima, kutoka gatini hadi mgodini na kurudi. Hukumu tuitoe mapema: kwa shaba (kopa) ya mabamba, Dar bado ni namba moja, kwa sababu lori hupata mzigo wa kupanda na wa kushuka. Likikosa mmoja wapo, Dar inakuwa njia kama nyingine, na mahesabu yanaanza upya.

Ili uielewe njia hii, angalia kwanza Kongo inauza nini na inanunua nini. Mwaka 2024 iliuza nje shaba ya zaidi ya tani milioni 3, na kwa uzalishaji imekaa ya pili duniani nyuma ya Chile. Kobalti inayochimbwa Kongo ni karibu robo tatu ya ile ya dunia nzima. Sehemu kubwa ya vyote viwili huishia China, na baadhi ya migodi mikubwa, kama Tenke Fungurume na Kisanfu, iko mikononi mwa kampuni ya China ya CMOC. Dhahabu ya mashariki huelekea zaidi Falme za Kiarabu, mafuta ghafi ya Muanda hutoka kupitia Atlantiki. Hayo si ya njia hii. (Ukiona jedwali la takwimu linalosema shaba ya Kongo imeuzwa Tanzania au Zambia, usidhani kuna kiwanda kipya Kurasini, jirani na bandari ya Dar. Mara nyingi nchi ya bandari ndiyo iliyoandikwa kama mwisho wa safari.)

Upande wa manunuzi kuna mitambo, dizeli, chakula, saruji, matairi, na kitu ambacho msomaji wa kawaida hakifikirii: salfa. Mawe ya shaba ya Katanga, eneo hilo la migodi, yaliyo karibu na uso wa ardhi huchenjuliwa kwa asidi ya salfa. Kusafirisha asidi yenyewe kwa matangi ni ghali na hatari, na ile ya Zambia haitoshi wakati wote. Migodi mikubwa ikaona afadhali ilete salfa ya chenga, mabaki ya kusafisha mafuta na gesi ya nchi za Ghuba, kisha iichome palepale mgodini ipate asidi. Tani 1 ya salfa hutoa asidi ya tani 3 hivi. Maana yake lori moja la salfa linafanya kazi ya matangi matatu. Huo ndio mzigo wa kupanda, na ndio unaolifanya lori likubali bei nzuri ya kushusha kopa.

Sasa twende kwenye trela, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea kabla safari haijaanza. Shaba ya kathodi, yaani ile iliyokwisha kusafishwa, huja kwa mabamba ya takriban mita 1 kwa mita 1, yamepangwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma, bunda moja likiwa na tani 2 na ushee. Lori la ekseli 6, yaani kichwa cha ekseli 3 na trela ya ekseli 3, kwa sheria ya Afrika Mashariki haliruhusiwi kuzidi tani 50: ekseli ya usukani 8, ekseli mbili za nyuma ya kichwa 18, tatu za trela 24. Ukitoa uzito wa lori lenyewe, tani 17 hadi 19, unabaki na mzigo wa tani 31 hadi 33. Hayo ni mabunda 13 hivi, na hayajazi hata sakafu ya trela. Mgeni akiona nafasi iliyobaki huanza kuyasogeza yote mbele au yote nyuma ili yafungike kwa urahisi. Jumla inatoka sawa, ekseli inazidi, na lori linalala mizani.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu: mabunda yapangwe safu moja, kundi moja juu ya ekseli za trela na jingine kuelekea pini inayounganisha trela na kichwa, yakae katikati ya upana. Kila bunda lizuiwe kwa mbao zilizopigiliwa, kisha minyororo. Mkanda wa turubai hauzuii chuma cha tani 2 kwenye mteremko wa Kitonga. Pima kwa ekseli mgodini kabla ya kutoka, maana kutoka Tunduma hadi Dar kuna mizani Mpemba, Uyole, Makambako, Wenda, Mikese na Vigwaza, na kosa dogo la upangaji litakukuta kwenye mojawapo.

Kasoro ya pili ya trela ni usafi. Lori lililopanda na salfa likapakiwa kopa bila kuoshwa linaharibu mzigo wa watu: salfa ikigusa shaba huipaka weusi, unyevu ukiongeza kasi, na mnunuzi wa kathodi safi ana haki ya kuikataa au kukata bei. Vumbi la salfa likinyeshewa hutengeneza asidi inayokula bodi ya trela. Fagia, osha kwa maji mengi, acha ikauke, tandika karatasi ya plastiki. Na usiruhusu mtu achomelee trela yenye vumbi hilo, linashika moto.

Bandarini Dar huduma imebadilika. Tangu 2024 gati namba 0 hadi 7 ziko chini ya DP World ya Dubai, na kontena za gati 8 hadi 11 ziko chini ya kampuni ambayo Adani wa India ana hisa kubwa. Kabla ya kupanga malori, uliza meli itafunga upande gani, kwa sababu taratibu za kuingiza lori na ankara ni mbili tofauti. Jambo linaloumiza zaidi ni kontena la mwenye meli: likipanda hadi Kolwezi lazima lirudi, na siku za adhabu zinahesabiwa likiwa kwenye foleni. Dawa ni mbili. Ama ukubaliane na wenye meli kabla ya kutoa mzigo kwamba kontena hilohilo litarudi na kathodi, au uufungue mzigo Dar na kuupandisha bila kontena. Atakayeamua jambo hili akiwa tayari Lubumbashi atalipia.

Barabara yenyewe haina lawama kubwa. Dar hadi Lubumbashi ni kama kilomita 2,000. Lori likienda kilomita 400 kwa siku, magurudumu yanazunguka siku tano, na siku nyingine zote unazozilipia lori limesimama. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa 2019, kimesaidia pale ambapo nyaraka zimetangulia. Dereva akifika kabla ya karatasi, jengo zuri halimsaidii. Kutoka hapo ni Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, kisha miji ya Copperbelt, ukanda wa shaba wa Zambia, hadi Chililabombwe karibu na mpaka. Halafu Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo.

Kasumbalesa ndipo nyota za huduma hii zinapodondoka. Mzigo unaokwenda au kutoka Durban, Beira, Walvis Bay na Dar, karibu wote kwa barabara hupitia kona hii moja ya mpaka, pamoja na majirani zake wadogo Sakania na Mokambo. Foleni huhesabiwa kwa kilomita. Tatizo dogo tu linaifunga: Agosti 2024 Zambia ilifunga vituo vyote vitatu kwa siku kadhaa baada ya Kongo kuzuia vinywaji kutoka ng'ambo, na malori ya kopa, yasiyo na habari na bia wala soda, yakasimama pamoja. Anayekuahidi tarehe kamili ya kufika Kolwezi anakuuzia kitu ambacho hana. Omba siku zitajwe hadi Chililabombwe, na za mpakani zihesabiwe peke yake, na mkataba useme nani analipa lori likilala zaidi ya siku mlizokubaliana. Mkataba usio na kipengele hicho ni ugomvi uliotiwa saini.

Wizi nao uandikiwe mpango. Lori la kopa ni fedha zinazotembea, na foleni ndefu ni rafiki wa mwizi. Namba ya kila bunda iwe kwenye orodha ya mzigo, namba ya sili (lakiri ya mzigo) iandikwe na kupigwa picha kila mpaka, na lori lisilale nje ya yadi yenye ulinzi. Bunda likikosekana Dar, swali la kwanza la bima litakuwa sili ilikatwa wapi.

Nyaraka. Kwa mzigo wa kuingia Kongo, ya kwanza ni FERI, fomu ya kielektroniki ya OGEFREM, ofisi ya Kongo inayosimamia usafirishaji wa mizigo, na ipatikane kabla mzigo haujaondoka bandari ulikopakiwa. Kuitafuta baada ya meli kufika ni kuomba faini. Kuna ukaguzi wa kabla ya kusafirisha unaofanywa na kampuni ya BIVAC kwa bidhaa zinazohusika, kisha OCC, ofisi ya Kongo ya ukaguzi wa bidhaa, inakagua mpakani, na DGDA ndiyo forodha yenyewe. Mzigo wa kutoka unahitaji cheti cha CEEC, kituo cha Kongo kinachothibitisha madini, na ushahidi kwamba mrabaha umelipwa: asilimia 3.5 kwa shaba, asilimia 10 kwa kobalti tangu itangazwe madini ya kimkakati mwaka 2018. Kosa linalorudiarudia ni maelezo ya bidhaa yasiyolingana. Ankara inasema kitu kimoja kwa Kiingereza, tamko la forodha linasema kingine kwa Kifaransa, na karatasi ya mizani ina uzito usiolingana na zote mbili. Kiswahili kitamfikisha dereva kwa fundi wa matairi Lubumbashi bila shida yoyote, lakini karatasi za huko husoma Kifaransa.

Wapo wanaouliza kwa nini uanachama wa Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu Julai 2022, haujaondoa usumbufu huu. Tazama ramani: lori la Dar linapita Zambia, isiyo mwanachama. Mzigo bado ni wa kupita, bado una dhamana ya forodha, na dhamana haifunguliwi hadi ithibitishwe kwamba mzigo umetoka.

Washindani je? Durban ina meli nyingi na huduma iliyozoeleka, lakini unaongeza mamia ya kilomita, na kwa njia ya Harare unakutana na mipaka ya Chirundu na Beitbridge. Inafaa mitambo inayotoka Afrika Kusini kwenyewe. Beira ni fupi na wakati mwingine nafuu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ndiyo inayokera zaidi kwa sababu upana wa reli yake, milimita 1,067, ni uleule wa Zambia na wa SNCC, shirika la reli la Kongo. Kwa upana wa reli pekee behewa lingeweza kutoka Dar hadi Kolwezi bila kushushwa. Kinachokosekana ni vichwa vya treni, mabehewa na njia isiyoangusha treni. Kampuni ya China ya CCECC imesaini mwaka 2025 mkataba wa miaka 30 wa kuifufua kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Kwa sasa itumie kwa mzigo usio na haraka, na uulize mabehewa yaliyopo leo, siyo yaliyoagizwa.

Lobito, bandari ya Angola, ni mpinzani wa kweli. Reli ya kilomita kama 1,300 kutoka mpaka wa Luau hadi Atlantiki inaendeshwa na ubia wa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, na njia hiyo haiigusi Kasumbalesa kabisa. Udhaifu wake ni kipande cha Kongo, kutoka Kolwezi hadi mpakani, kilichochakaa na chenye mwendo wa polepole. Kwa makinikia (mchanga wa shaba ambao haujasafishwa) ya Kolwezi yanayokwenda Ulaya au Marekani tungeipa alama za juu kuliko Dar. Makinikia hata yakiwa mazuri, karibu nusu ya unachokibeba si shaba, na mzigo wa aina hiyo unataka reli. Kwa kathodi inayokwenda China, meli kutoka Lobito inaanzia upande usiofaa wa Afrika.

Kwa kobalti, hakikisha mgao kabla ya kuagiza lori. Kongo ilisimamisha mauzo ya nje Februari 2025, kisha kuanzia Oktoba 16 ikaweka mgao: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vilevile 2027. Kiasi hicho huhesabiwa kwa kobalti iliyomo, ilhali hidroksidi (kobalti iliyochenjuliwa nusu) inayopakiwa kwenye mifuko mikubwa ina majimaji na kobalti yake ni sehemu ndogo ya uzito wote. Mwenye lori hulipwa kwa tani zilizopanda mizani, maji yakiwemo. Kwa hiyo nukuu ya usafiri iseme tani za aina gani, na karatasi ya maabara yenye kiwango cha unyevu isafiri na dereva, nakala moja ikibaki kwa wakala wa Dar.