Miezi mitatu na gemu za kaseti na katuni za karatasi ya gazeti: uzoefu wangu

Nilipomwambia kaka yangu kwamba natafuta tena mashine ya kaseti kama ile tuliyogawana pedi zake utotoni, aliniuliza swali moja tu: "Na runinga ya chogo utaitoa wapi?" Nilidhani ni kumbukumbu zinamsumbua. Miezi mitatu baadaye nakiri kwamba alikuwa amelipiga jambo lenyewe katikati.

Nilinunua vitu vinne. Mashine ya gemu ya NES, ya kampuni ya Nintendo ya Japani, iliyotumika, pamoja na kaseti zake tatu. Mashine ndogo ya kisasa ambayo gemu za zamani zimeshapakiwa ndani. Rundo la katuni za Marekani za miaka ya 1970, zilizopita mikononi mwa watu kabla yangu. Na kitabu kinene cha jalada gumu chenye katuni za miaka ya 1960 zilizochapwa upya. Nilitaka kujua kama raha niliyoikumbuka ilikuwa ndani ya vitu hivi kweli, au ilikuwa ndani ya utoto wangu.

NES ilitoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Family Computer, ikafika Marekani 1985. Niliichomeka kwanza kwenye runinga bapa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Picha yake ni nukta 256 kwa 240 tu, na kwenye skrini pana kila nukta iligeuka tofali. Hilo lingevumilika. Tatizo lilikuwa vidole. Katika Super Mario Bros. nilibonyeza kuruka, na Mario akaruka baada ya kitambo kidogo mno, kiasi cha kunitumbukiza shimoni. Nikarudia. Nikatumbukia tena. Jioni ile nililala nikiamini kwamba umri umeninyang'anya wepesi.

Wiki iliyofuata nikapata runinga ya chogo. Mwanga wa runinga hizi huchorwa mstari kwa mstari papo hapo kadiri ishara inavyoingia, wakati runinga bapa huipokea picha, huikuza na kuisafisha kwanza, ndipo huionyesha. Tofauti ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini gemu hii imejengwa juu ya sehemu ndogo za sekunde. Nilibonyeza, Mario akaruka. Yale matofali nayo yakalainika, kwa sababu kioo cha chogo huacha rangi jirani ziingiliane kidogo. Nilimpigia kaka simu saa ileile.

Mpwa wangu wa miaka kumi ndiye aliyegundua jambo la bunduki. Duck Hunt ya 1984 ina bunduki ya plastiki yenye jicho la mwanga. Ukivuta kifyatulio, skrini hugeuka nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha kisanduku cheupe hutokea pale bata alipo, na jicho la bunduki huangalia kama limeuona weupe huo kwa wakati wake. Kwenye runinga bapa weupe unachelewa, kwa hiyo hakuna bata anayekufa. "Mjomba, hii imeharibika," alisema. Tulipohamia kwenye chogo akapiga bata saba mfululizo, akanitazama kana kwamba nimeitengeneza mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta mahali ambapo udogo wa mashine umeacha alama kwenye gemu, na alama hizo ziko kila mahali. Super Mario Bros. nzima, hatua zake zote 32, ni kilobaiti 40. Picha moja ya simu huizidi mara nyingi sana. Ndiyo maana wingu na kichaka ni mchoro uleule, mmoja umepakwa rangi nyeupe na mwingine kijani. Nimecheza gemu hii miaka na miaka bila kuliona hilo, na nilipoliona nilisimamisha mchezo nikabaki natazama tu. Hata sharubu za Mario zina kisa chake. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu wa Nintendo, alipomchora kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong ya 1981 alikuwa na nukta chache mno za kuonyesha mdomo, basi akampa pua kubwa na sharubu. Nywele zilikuwa ngumu kuzichezesha, akamvisha kofia. Mtu tunayemtambua dunia nzima alizaliwa kutokana na uhaba wa nukta.

Halafu kuna hatua ile ya kwanza kabisa. Hakuna maelezo, hakuna mshale. Adui mmoja anakujia taratibu, ukimgusa unakufa, ukirudi tena unaruka. Juu kuna kisanduku chenye alama ya kuuliza, unakigonga, uyoga unatoka, unagonga bomba na kukurudia. Mpwa wangu hakuhitaji neno hata moja kutoka kwangu. Gemu nyingi za sasa zingemsomesha kwa dakika ishirini.

Kaseti nyingine ilikuwa The Legend of Zelda. Toleo la kaseti la Marekani la 1987 lina betri ndogo ya duara ndani, inayotunza kumbukumbu ya mchezaji wakati umeme haupo. Nilipoiwasha nilikuta faili lina jina la mtu. Herufi nne, mioyo kumi na mitatu ya uhai. Mtoto fulani, ambaye leo ni mtu mzima, alifika mbali na kuacha safari yake hapo, na betri ile imemlindia miaka yote hii. Sikuligusa. Nilianza faili la pili, nikachora ramani yangu kwenye karatasi ya miraba, kama ilivyokusudiwa. Nitasema pia lililonikera: baadhi ya mapango yamefichwa nyuma ya vichaka na kuta ambazo hakuna dalili yoyote ya kukuelekeza, na kuchoma kichaka kimoja kimoja si uvumbuzi, ni kibarua. Pia ukitaka kuzima salama ni lazima ushikilie kitufe cha kuanzisha upya unapobonyeza cha kuzima, la sivyo kumbukumbu inaweza kuharibika.

Kwa atakayenunua: usipulize kaseti. Sote tulipuliza, na mvuke wa pumzi huleta kutu kwenye meno ya shaba. Kilichokuwa kikisaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka tena. Chukua kijiti cha pamba, kiloweshe kidogo kwa alkoholi ya isopropili, sugua meno, acha yakauke. Taa ya mashine ikiwakawaka, mara nyingi ni pini za ndani zimelegea, na chipu ya ulinzi haipati jibu kutoka kwenye kaseti.

Ile mashine ndogo ya kisasa sina mengi ya kuieleza. Inafanya kazi, inahifadhi mchezo popote ulipo, na kwa mtu mwenye nafasi ndogo na runinga bapa pekee inatosha. Waya wa pedi ni mfupi mno.

Katuni zilinifundisha somo lilelile kupitia mlango mwingine. Nilianza na kitabu cha jalada gumu, nikaona kuna kitu hakijakaa sawa. Karatasi nyeupe inang'aa, mistari imenyooka, lakini rangi zinapiga kelele: nyekundu inachoma macho, njano haina kivuli. Jibu nililipata nilipofungua rundo la katuni halisi. Wachapaji wa zamani walitumia wino wa rangi nne kwa nukta ndogondogo, juu ya karatasi ya gazeti ya rangi ya udongo hafifu inayonyonya wino. Msanii alichagua rangi kali akijua karatasi itazipoza. Ukizihamishia rangi hizohizo kwenye karatasi ya kung'aa, hakuna tena cha kuzipoza. Ni Mario kwenye runinga bapa kabisa.

Na Hulk, lile jitu lenye nguvu la katuni za kampuni ya Marvel, ana kisa chake kama sharubu za Mario. Katika toleo la kwanza la 1962 alikuwa wa kijivu. Mitambo haikuweza kuitoa kijivu sawasawa ukurasa hadi ukurasa, basi toleo la pili akawa kijani, na kijani akabaki. Katika kitabu changu ukurasa wa kijivu umehifadhiwa ulivyokuwa, na kwa hilo nawashukuru waliokiandaa.

Lakini usomaji wenyewe niliufanya kwenye rundo. Karatasi imegeuka rangi ya chai kwa sababu ina lignini, kiambata cha mbao, ambayo ikioza hutoa asidi, na harufu yake inakaribia vanila. Pini zimeanza kutu. Ninazo namba 96 hadi 98 za The Amazing Spider-Man za mwaka 1971, ambapo rafiki wa Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, anazama kwenye vidonge vya kulevya. Idara ya serikali ya Marekani iliyohusika na afya ilimwomba Stan Lee, mwandishi wa Marvel, hadithi ya kuonya juu ya dawa za kulevya. Mamlaka ya maadili ya katuni, iliyoundwa 1954, ikakataa kuipa muhuri wake wa idhini, uliokuwa ukiwekwa kwenye jalada, kwa kuwa dawa hazikuruhusiwa kutajwa kabisa. Zikachapwa bila muhuri, na mwaka uleule kanuni zikalegezwa. Kulisoma hilo katika maelezo ni jambo moja. Kushika jalada mkononi na kutafuta muhuri usiokuwapo ni jambo jingine.

Vitabu vya kuchapa upya huondoa matangazo na barua za wasomaji, na mimi naona hiyo ni hasara kubwa. Kuna tangazo la Sea-Monkeys lenye familia inayotabasamu yenye mataji kichwani, kumbe walichokuwa wakiuza ni kamba wadogo wa maji ya chumvi. Kuna kurasa za barua ambamo wasomaji wanabishana na waandishi kuhusu kosa la ukurasa wa tano. Zamani anwani zao zilichapwa kamili, na hivyo ndivyo wapenzi wa katuni walivyoanza kuandikiana wao kwa wao.

Si kila kitu kimestahimili miaka. Masanduku ya maneno hueleza kile ambacho mchoro umeshaonyesha, na wanawake wa miaka ya 1960 huandikwa vibaya: Susan Storm wa kundi la mashujaa la Fantastic Four, anayeweza kujifanya asionekane, anazimia na kuokolewa mara nyingi mno kwa mtu mwenye uwezo wake. Iliniuma kumsomea mpwa wangu sehemu hizo, nikazisoma hivyohivyo, tukazizungumza.

Muuzaji wa rundo aliniandikia kwamba nakala zote zimekamilika. Haikuwa kweli. Kuanzia 1974 Marvel waliweka stempu ndogo za kukata kwenye kurasa za barua, watoto wazikusanye, na nakala yangu moja ina tundu safi la mstatili mahali pa stempu. Kwa mkusanyaji hilo hushusha thamani vibaya, na muuzaji alipaswa kusema. Ukinunua za miaka hiyo, omba picha ya ukurasa wa barua kabla hujalipa. Zikifika, ziweke kwenye mifuko ya plastiki angavu ya Mylar na kadibodi isiyo na asidi, zisimame wima, mbali na mwanga.

Ningekushauri hivi: kama unataka hadithi tu, nunua vitabu vilivyochapwa upya, usione haya. Kama unataka kucheza Mario ipasavyo, tafuta chogo kwanza kabla ya mashine. Na usichelewe, maana Video Game History Foundation, taasisi ya kuhifadhi historia ya gemu, ilionyesha mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena madukani.

Betri ya Zelda itakufa siku yoyote. Nimeshanunua mpya, aina ya CR2032, na rafiki yangu fundi yuko tayari kuilehemu. Lakini akiitoa ya zamani, faili zote zinafutika, na lile jina la herufi nne pamoja nazo. Nimelipiga picha kwenye skrini ya chogo. Betri mpya bado iko mezani, kwenye pakiti yake.