TAHADHARI: Anauza "mbegu za Denmark" kwenye boksi la samaki

Assalaam alaykum. Mume wangu kalala chumba cha pili, na anajua kama naandika haya. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo swali la mwanzo litakalokuja.

Kuna bibi anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama, Unguja na Pemba, anauza mbegu za kiume. Umesoma sawasawa. Anajiita nesi wa uzazi. Anasema mbegu zake zinatoka benki ya Denmark, zinafika Dar kwa ndege, zinavuka kwa boti, na unafanyiwa nyumbani kwako kwa dakika kumi. Usiposhika mimba ndani ya miezi miwili pesa inarudi. Mimi kanila shilingi 1,200,000. Shoga yangu wa Wete kaliwa zaidi, na pesa ndiyo iliyokuwa ndogo katika alivyopoteza.

Sisi tuna miaka tisa ya ndoa. Wa hapa mnajua maisha yake: kila harusi, kila arubaini ya mtoto wa watu, kuna mama mmoja atakuangalia tumboni kabla hajakuangalia usoni. Mwaka wa sita tukavuka kwenda Dar kupima. Mimi nikaonekana mzima. Mume wangu alipimwa mara mbili, miezi mitatu katikati, kwa sababu daktari alitueleza kuwa mbegu moja inachukua kama siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo homa au dawa za mwezi uliopita zinaweza kuharibu kipimo cha leo. Mara zote mbili jibu likawa moja: hakuna hata moja. Akiwa na miaka kumi na saba aliugua matubwitubwi, korodani zikamvimba wiki nzima, na hakuna aliyempeleka popote.

Daktari hakufunga mlango. Alisema kuna vipimo vya homoni, na kuna kuchoma sindano ndani ya korodani kutazama kama zimo japo chache, maana ikipatikana hata moja nzima huingizwa kwenye yai la mke pale maabara. Za mume mwenyewe. Gharama alizotutajia ni milioni kwa milioni. Tulirudi na boti ya mchana, tumekaa upande wa dirisha, hakuna aliyesema neno mpaka tukaona minara ya Mji Mkongwe. Na nyumbani tukaendelea hivyo hivyo, miezi.

Kwenye huo ukimya ndo yule bibi akanikuta. Nilikuwa nimeuliza kwenye kundi moja la mapishi (la mapishi, jamani!) kama kuna anayejua maabara nzuri ya vipimo vya mwanamme. Nikaufuta ujumbe baada ya dakika mbili. Dakika mbili zilimtosha. Akaniingia pembeni: "Pole mdogo wangu. Najua tatizo si lako." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia sentensi hiyo. Nililia jikoni, sufuria motoni.

Baada ya hapo zikaja picha. Wanaume, urefu, kundi la damu, rangi ya macho, elimu. "Mwarabu yupo, atafanana na mumeo, hakuna atakayejua." Bei ya Mzungu juu kidogo. Nusu mwanzo, nusu mzigo ukifika.

Hapa nisimame niseme la dini, kwa sababu mtalisema hata nisiposema. Hukumu naijua. Al-Azhar walitoa fatwa mwaka 1980, na Majmaa ya Fiqhi, baraza la wanazuoni wa Kiislamu, ilipokaa Amman mwaka 1986 ikasema vilevile: matibabu ya kutungisha mimba nje ya mwili yanafaa baina ya mke na mume ndani ya ndoa yao, mtu wa tatu hafai, kwa sababu ya nasaba. Nilikuwa nayajua hayo huku natuma pesa. Sijitetei, nimeshatubu na toba yangu ni baina yangu na Mola wangu. Ila yule bibi anaijua hukumu hii kunishinda mimi, na humo ndimo biashara yake ilimo. Nani atakwenda kituo cha polisi Madema kumwambia askari kuwa alitaka kununua mbegu za mwanamme mwengine akatapeliwa? Anachagua bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuidai. Na wapo wasiokatazwa na dini yao, wapo na wageni waliojenga maisha Paje na Nungwi. Nao amewafikia, na wao huwaambia kuwa sheria za hapa ni kali wasiulize ulize.

Mzigo ukaja Alkhamisi. Akaniita nje ya bandari Malindi, upande wanaposhuka watu wa boti. Akanipa boksi jeupe la povu, lile lile la samaki, bado lina magamba mawili yamekauka pembeni. Ndani mna barafu ya mfuko, nusu imeshakuwa maji. Katikati kikopo cha plastiki cha mfuniko mwekundu, kile tunachopewa spitali kuwekea mkojo, kimebandikwa plasta iliyoandikwa kwa kalamu "O+ 180cm". Na bomba la sindano la mililita kumi, bila sindano. Akanambia nilale chali, niweke miguu juu ya mto, nisome dua ninayoijua.

Kilichoniokoa ni lile boksi. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki, barafu naijua. Nikakumbuka kuwa kule Dar, wakati tunasubiri, mtu wa maabara alinionesha mtungi wanaowekea mbegu zilizogandishwa. Mtungi wa bati jeupe, shingo nyembamba, alipoinua kizibo ukatoka moshi mweupe ukatambaa sakafuni. Mle ndani mna naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu zimo kwenye vijirija vyembamba mfano wa mrija wa wino wa kalamu, nusu mililita kila kimoja, na namba ya mtoaji imechapwa, haikuandikwa kwa mkono. Zinasafirishwa kwenye mtungi wa namna hiyo na karatasi zake. Barafu inayoyeyuka ni nyuzi sifuri. Mbegu zilizotoka Denmark zikikaa kwenye barafu ya samaki tokea Dar hadi Malindi, zimekufa kisiwa cha Chumbe hazijakiona.

Sikulala chali. Nilikipeleka kile kikopo kwa kijana wa mtaani kwetu anayefanya kazi maabara, nikamwambia ni cha mtu. Akaweka tone kwenye kioo, akatazama, akasogeza, akatazama tena. Akanusa. "Dada, huyu mtu kakuletea ute wa yai." Akaongeza maziwa kidogo, alidhani, kwa ile rangi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikampigia shoga yangu wa Wete, maana mimi ndiye niliyempa namba. Na hapa sicheki.

Yeye hakuletewa yai. Yule bibi alikwenda kwake mwenyewe, na boksi lake, lakini akatoka nje kidogo "kuyeyusha" akarudi na kikopo cha vuguvugu. Mdogo wake shoga yangu alikuwa barazani. Anasema nje palikuwa na gari, ndani ya gari kijana, na bibi alikwenda kwenye gari mikono mitupu akarudi na kikopo. Denmark ilikuwa imekaa siti ya nyuma inachezea simu.

Bibi akachukua mpira mwembamba akaupitisha mpaka ndani ya kizazi, akasukuma. Maji ya mwanamme yalivyo hayapelekwi ndani ya kizazi. Kwenye kliniki yanaoshwa kwanza, zinabaki mbegu tupu, kwa sababu yale maji yenyewe yana vitu vinavyokaza kizazi kwa maumivu makali, achilia mbali vijidudu. Usiku ule alijikunja, siku ya tatu homa, akalazwa na uambukizo wa mirija. Mirija ambayo ilikuwa mizima.

Na hapo hatujaja kwenye kinachotisha zaidi. Benki ya kweli humpima mtoaji virusi vya ukimwi, homa ya ini, kaswende na mengine, inagandisha, halafu kwa desturi inaziweka karantini siku 180 na kumpima mtu yule tena, kwa kuwa virusi vilivyoingia juzi havionekani kwenye kipimo cha leo. Kijana wa siti ya nyuma alipimwa nini?

Mimi nilimuuliza bibi jambo moja tu la maana katika mazungumzo yetu yote. Mtoto wa dada yangu ana siko seli, na mimi nimepimwa nimebeba nusu. Mwanamme akiwa naye amebeba, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumtoa mtoto mgonjwa. Nikamuuliza huyo Mwarabu wako kapimwa? Akanijibu kwa sauti, naisikia mpaka leo: "Hiyo ni ya Waafrika, mdogo wangu." Uongo mtupu. Imejaa Omani, ipo India. Nilipaswa kukata simu pale pale, sikukata.

Fikirini na hili pia. Uingereza mtoaji mmoja mwisho familia kumi, na waliozaliwa kwa mbegu za watoaji walioandikishwa tokea Aprili 2005 wana haki, wakitimiza miaka 18, kumjua alikuwa nani. Wanaandika kila kitu. Kijana wa yule bibi anazunguka Wete, Konde, Chake, hakuna daftari. Pemba ile ile, skuli zile zile, na miaka ishirini mbele watoto wale watapelekeana posa.

Kama ameshakufanyia, acha kusoma uende spitali. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo bora. Huna haja ya kusimulia kisa chote. Mwambie daktari umeingiwa na maji ya mwanamme usiyeijua hali yake, inatosha, atajua la kufanya, na aangalie na homa ya ini na kaswende. Ukiwa na homa au maumivu ya chini ya kitovu usisubiri asubuhi.

Na kama bado hujatuma pesa: mwambie akutajie kliniki, jengo lipi, daktari yupi amesajiliwa, kisha ulizia Wizara ya Afya. Mwambie mume aje kusaini, maana kliniki ya kweli itawataka nyote wawili mbele yao. Kwangu mimi aliposikia neno "mume" alibadilika ghafla, akaanza kuniita "wewe". Mwambie utalipia kaunta upewe risiti. Utaona atakavyokumbuka msiba.

Mume wangu nilimwambia mwenyewe, wiki mbili baadaye. Sitaandika alivyosema. Nitaandika kuwa siku ya pili yake alitoa bahasha ya majibu ya Dar kutoka chini ya nguo zake, ambayo nilidhani alishaichana, na mwezi ujao tunavuka kwenda kupima homoni. Mbegu zikikosekana, zimekosekana.

Yule bibi ana umri wa arubaini na kitu, mfupi, sauti nzito nzuri, Kiswahili chake si cha hapa wala si cha Bara khasa, anapachika "inshallah" mahali pasipo pake. Namba nilizokuwa nazo mbili zimezimwa zote. Wiki hii mtu kanitumia picha ya namba ya tatu inayouliza habari za maabara kwenye kundi la wauza vitenge. Jina jengine, lakini picha ya wasifu hajaibadilisha: mtoto mchanga amelala, soksi za manjano, moja imevuliwa.

Ukiona hizo soksi, mtoe kundini kwanza, halafu ndo uulize.