TAHADHARI: Anayejiita fundi wa kufungua akaunti ni MWIZI

Jamani, huyu mtu msimpe hata senti. Kanila hela, halafu akaichukua na akaunti yenyewe.

Usiku ule nilikuwa najaribu kuingia kwenye akaunti yangu ya mtandaoni, na sikuwa na subira. Naweka nywila, nabonyeza, inakuja namba ya kosa, 403. Nabadilisha nywila, 403 tena. Nikang'ang'ana mpaka ikaja 429, kwamba nimejaribu mara nyingi mno. Nikaandika hadharani kuomba msaada, na kabla sijaweka simu chini akaniandikia faragha. Wala hakuanza na pesa! Aliuliza, "Dada, imekuandikia 401 au 403?" Hapo ndipo aliponipata. Anayejua kutofautisha namba hizo ungemwonaje kama si fundi kweli? Akasema 403 maana yake akaunti imefungiwa na itafutwa baada ya saa 24, ila yeye ana mtu wake ndani. Nisiwaandikie wenye tovuti, eti wataifuta mapema zaidi. Nikalipa. Akapiga simu: "Inakuja meseji yenye tarakimu sita, nisomee upesi kabla muda haujaisha." Nikamsomea, moja moja, kwa mdomo wangu, naye anaitikia taratibu, "Sawa dada, endelea dada." Simu ikakatika. Barua pepe ikaingia: nywila imebadilishwa, namba ya simu imebadilishwa. Kumpigia, keshanizuia.

Mikono bado inanitetemeka. Na sikuwa nimefungiwa chochote! 401 ni seva, yaani kompyuta ya tovuti, haijakutambua wewe ni nani. 403 ni kwamba imeelewa unachotaka ila inakataa kukupa, na kukataa kuna sababu nyingi. Yangu ilikuwa VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, niliyoisahau ikiwa imewashwa. Nilipoizima, ukurasa ulifunguka palepale, lakini nywila yangu haikuwa nywila tena.

Mwizi huyu afungwe. Asipewe faini, afungwe, na simu zake zote zichukuliwe, maana najua sasa hivi yupo na mwingine anamwita dada. Polisi nimewapelekea meseji zote na risiti ya malipo.

Za kumtambua: haraka, "nina mtu ndani", na zile tarakimu sita. Zile ni ufunguo wako, hata mwenye tovuti hakuombi umsomee.

Na mkipata meseji ya kukopa hela kutoka akaunti yangu, si mimi. Iripotini.