Kadi ya Michoro ya Kuchangia Sayansi kwenye Linux: Ipi Ununue Ukiwa Tabora

Kadi ya gemu inafanya kazi saa mbili tatu, unazima. Miradi ya sayansi inayoazima nguvu ya kompyuta za watu wa kujitolea ni tofauti: Folding@home, inayochunguza namna protini zinavyojikunja, na Einstein@Home, inayosaka nyota aina ya palsa katika data za darubini, huikamua kadi kwa saa zote ulizoruhusu. Kwa hiyo hapa Tabora mimi naanza na LUKU, yaani gharama ya umeme, nafuata draiva, ile programu inayoiwezesha Linux kuitumia kadi, kasi naiangalia mwisho.

Mteja wa kawaida wa nyumbani analipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 356. Kadi ya wati 125 ikifanya kazi usiku na mchana inakula uniti 3, yaani zaidi ya shilingi 1,000 kwa siku, kabla hujahesabu kompyuta yenyewe. Aliye kwenye daraja la D1, lile la shilingi 100 kwa uniti, awe makini zaidi, kwa sababu unafuu ule unaishia uniti 75 kwa mwezi. Kadi ya wati 185 peke yake, ikiwaka mwezi mzima bila kuzimwa, inamaliza uniti 133. Kama nyumba yenu iko D1, tafadhali usiwashe kitu hiki saa 24. Utawapandishia umeme watu wasiohusika. BOINC, programu inayosimamia miradi mingi ya aina hii, inakubali kupangiwa saa. Saa 10 za usiku kwa kadi ya wati 75 ni robo tatu ya uniti tu, na usiku hata joto la Oktoba linakuwa limepungua.

Namba moja kwangu ni GTX 1650 ya NVIDIA. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua za mtumba zilitoka maofisini, Dell OptiPlex na wenzake, zenye pawa saplai ndogo isiyo na waya wa kulisha kadi. GTX 1650 nyingi hazihitaji waya huo. Wati 75 zinatoka kwenye sloti yenyewe, ile nafasi ya kuchomeka kadi kwenye bodi ya kompyuta. Kwa makaratasi inafanya hesabu trilioni 3 hivi kwa sekunde. Si nyingi, lakini kazi za Einstein@Home inazimaliza vizuri kabla ya muda kuisha. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Baadhi ya matoleo yana tundu la pini 6 la waya wa umeme, kwa hiyo omba picha ya ubavu wa kadi. Halafu kama kasha lako ni lile jembamba, unataka kadi yenye bamba fupi. Pima kwa rula kabla ya kutuma hela Kariakoo, maana kifurushi kikishapanda basi la Tabora, kukirudisha ni shughuli nyingine.

Namba mbili ni RTX 4060, na mwenye fedha aanze nayo bila kusita. Wati 115, hesabu trilioni 15 hivi kwenye makaratasi. Kasi hiyo haitokei yote katika kazi halisi, lakini kwa kila uniti ya umeme hakuna katika orodha hii inayoikaribia. Bei ndiyo imeishusha, pamoja na pawa saplai mpya utakayolazimika kununua.

Ya tatu, GTX 1660 Super ya mtumba: wati 125, kumbukumbu ya GB 6, inafaa kwa mwenye pawa saplai nzuri tayari. GTX 1050 Ti ingekuwa karibu nayo kwa unafuu, ila matoleo ya 580 ndiyo ya mwisho ya draiva za NVIDIA kwa kizazi chake. GT 1030 na GT 710 ziache dukani.

RX 580 ya AMD naiweka mwisho, ingawa najua inavutia: GB 8, bei ya chini kwa sababu nyingi zimetoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Kwenye Linux draiva yake ya picha imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, skrini inawaka safi, mtu anaamini kazi imekwisha. Lakini kukokotoa kunataka OpenCL, njia ya programu kuitumia kadi kwa hesabu, na ROCm, programu ya AMD inayoileta, ilishakiacha kizazi hiki. Hapo BOINC inakuandikia “No usable GPUs found”, yaani haijaona kadi ya kutumia, na unabaki kuhangaika na draiva mbadala wiki nzima. Isitoshe, kuna toleo la 2048SP lenye viini 2,048 badala ya 2,304, na wauzaji wengi wanaliita RX 580 tu.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, usilinganishe pointi za mradi mmoja na mwingine. Kila mradi unazigawa kwa vipimo vyake. Pia jedwali lolote la SETI@home, mradi wa kusaka viumbe wa anga za mbali, limepitwa, kwani mradi uliacha kugawa kazi Machi 2020. Chukua kazi za aina moja, mradi mmoja, kisha zidisha wati na muda. Tuseme kadi ya kwanza inamaliza kwa dakika 30 ikila wati 70: hizo ni wati-saa 35. Ya pili inamaliza kwa dakika 18 ikila wati 160: wati-saa 48. Ya pili ina kasi, ya kwanza ndiyo ya kununua. Folding@home inatoa pointi za ziada kwa anayewahi kurudisha kazi, kwa hiyo kwenye mtaa unaokatika umeme mara kwa mara, pointi zako zitashuka hata kama kadi ni nzima.

Kabla ya kumalizia malipo, mwambie muuzaji achomeke kadi kwenye kompyuta yenye Linux na akurushie video. Kwa kadi za NVIDIA, amri ya nvidia-smi ionyeshe jina, joto na wati. Amri ya clinfo, inayokagua OpenCL, isiseme majukwaa (platforms) ni 0. Halafu Folding@home ikimbie nusu saa. Joto likipita nyuzi 85, au feni ikianza kukwaruza, hiyo mwachie.