Rimu nyepesi za dragi kwenye gari ya kila siku: za nyuma nimezibakiza, za mbele nimezitoa

Miezi kumi na moja sasa natembelea rimu za dragi (yale mashindano ya gari kukimbia mstari ulionyooka, kwa kawaida robo maili) kwenye gari yangu ya kwendea kazini, Mustang GT ya 2018, V8 ya lita 5.0 yenye gia kumi za otomatiki na farasi 460, haina Performance Pack (kifurushi cha Ford cha breki na tairi kubwa zaidi). Naishi Fort Worth, Texas, na kwenda kazini na kurudi kila siku ni haiwei kwa sehemu kubwa. Naandika hii kwasababu nilivyokuwa natafuta habari kabla ya kununua nilikuta watu wa aina mbili tu, wale wanaokwambia usiguse kabisa utakufa, na wale wanaosema wee weka tu haina shida, na kwakweli hakuna hata mmoja aliyenisaidia kuamua.

Nilichonunua ni hiki. Nyuma rimu mbili za inchi 17 upana inchi 10 na tairi za dragi 305/45R17, zile zenye alama ya DOT yaani zinaruhusiwa barabarani. Mbele inchi 17 upana inchi 5 tu, na tairi nyembamba za inchi 6. Zote nne ni za kufuliwa, maana yake aluminiamu inagandamizwa na mashine yenye nguvu kubwa badala ya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ndo maana inaweza kuachwa nyembamba na bado ikawa na nguvu. Sokoni majina yapo mengi, Weld wa Kansas City wapo kwenye hii kazi tangu 1967, ila zangu sitazitaja kampuni maana yaliyonipata mengi yanahusu namna ya kuzitumia na nisingependa kumharibia mtu biashara. Seti nzima rimu na tairi ilinitoka dola 3,100, hela ya kujinyima.

Kitu cha kwanza nilichofanya kabla hata ya kufunga ni kupima. Nilisimama kwenye mzani nimebeba tairi na rimu yake, halafu nikatoa uzito wangu. Za kiwandani za inchi 18 na tairi zake 235/50R18 zilikuwa kilo 22.7 kila moja. Za dragi za mbele kilo 14.5, nikafurahi sana. Za nyuma nikapata kilo 22.9! Nikapima tena nikidhani nimekosea. Rimu yenyewe ni nyepesi kwa kilo tatu kweli lakini ile tairi pana yenye ukuta mnene imerudisha uzito wote na gramu kadhaa juu. Kwahiyo mtu anapokuuzia kwa kusema rimu nyepesi nyepesi, mwambie apime na tairi yake ikiwa imevalishwa, maana gari haitembei na rimu tupu.

Sasa kuna ile hesabu inayozunguka mitaani kwamba kilo moja ukiipunguza kwenye rimu ni sawa na kilo nne, wengine wanasema nane, kwenye bodi. Hapana jamani. Kitu kinachozunguka unakisukuma mara mbili, mara moja kiende mbele na mara ya pili kizunguke, na hata kama uzito wote ungekuwa pembeni kabisa kwenye ngozi ya tairi bado haizidi mara mbili. Kilichoko karibu na habu, pale katikati rimu inapofungwa, ni chini ya hapo. Mimi nimeokoa kilo 16 hivi jumla, zote mbele, tukizihesabu mara mbili ni 32 kwenye gari ya karibu kilo 1,700, kama asilimia mbili. Kwenye robo maili hiyo inakupa kama sehemu nane za mia ya sekunde. Siyo kitu cha kudharau, lakini siyo ule muujiza unaosimuliwa.

Nikaenda Texas Motorplex pale Ennis, kusini ya Dallas, treki ya zege iliyofunguliwa 1986, usiku wa majaribio ambao yeyote anaweza kulipa akaingia na gari yake ya mtaani (helmeti beba, NHRA, chama cha dragi cha Marekani, wanaitaka kwa gari yoyote ya sekunde 13.99 kushuka chini). Nilikimbia mara tatu kwa kila mpangilio. Rimu na tairi za kiwandani, wastani sekunde 12.58. Nikabadilisha za nyuma tu, 12.05. Nikaweka na za mbele, 11.97. Angalieni hapo vizuri. Nusu sekunde yote imetoka kwenye tairi za nyuma, siyo kwenye wepesi, ni kwenye kushika. Futi 60 za mwanzo zilikuwa sekunde 2.02 zikaja 1.71 kwasababu ule ukuta wa tairi ulio mrefu unajikunja gari inapoondoka, unameza ule mshtuko wa kwanza badala ya tairi kuteleza na kutoa moshi. Upepo nilishusha mpaka PSI 19. Za mbele zimenipa zile sehemu nane za mia nilizozipigia hesabu nyumbani na nilipoona karatasi ya muda mkono ulikuwa unatetemeka kwa furaha, sitosema uongo.

Kwahiyo treki hakuna ubishi. Barabarani ndo kuna maneno.

Tuanze na nyuma maana huko nina sifa nyingi kuliko lawama. Gari imekuwa laini, ukuta wa tairi umenenepa kwahiyo viungio vya madaraja ya haiwei sivisikii kama zamani, mke wangu aliuliza kama nimebadilisha shokapu. Kipenyo kimeongezeka kidogo, milimita 692 kwenda 706, spidi inasoma pungufu kwa asilimia mbili, yaani ukiona 100 uko 102, haisumbui. Upepo wa barabarani nakaa 32, ukishuka chini ya hapo gari inaogelea ukibadilisha leni, unahisi mkia umechelewa kufika. Kinachouma ni kuisha, zina mpira laini sana na mifereji yake haina kina, nimeshatembea kilomita kama elfu tisa na sidhani zitafika kumi na tano. Mvua unapunguza mwendo kwa adabu. Baridi ya Januari asubuhi pia mpira unakuwa mgumu kama ubao, trakshen kontro (mfumo wa kuzuia tairi zisiteleze) inawaka ukitoka tu kwenye taa, niliacha kabisa kuizima.

Lakini mbele, ndugu zangu, mbele naomba mnisikilize.

Gari ikipiga breki uzito wote unakimbilia mbele na kazi kubwa ya kusimamisha inafanywa na tairi za mbele. Wewe umetoa mpira wenye upana wa milimita 235 umeweka wa kama 150. Breki ni zilezile, diski ileile ya milimita 352, lakini breki haisimamishi gari, inasimamisha tairi, na tairi ndo inasimamisha gari. Wiki ya tatu nilikuwa I-35W narudi nyumbani, manyunyu yameanza, lami bado ina mafuta, gari mbili mbele yangu zikasimama ghafla. Nilikanyaga breki kama kawaida yangu, ABS ikaanza kugonga mguuni papohapo na gari ikaendelea kwenda. Nikaiona ile pikapu inakuja, inakuja, nikakata usukani kuingia bega la barabara na usukani nao ukachelewa kuitika. Nilipita pembeni yake labda sentimita arobaini. Kiti cha nyuma mtoto alikuwa amelala, hakuamka hata. Nilikaa pale begani taa za hatari zinawaka, sijui dakika ngapi, nikishindwa kushika simu.

Siyo rimu iliyoharibika, wala tairi, kila kitu kilifanya kazi kama kilivyotengenezwa. Kimetengenezwa kwa ajili ya kwenda mbele kwa mstari mmoja kwenye zege kavu. Nilichokosea ni kukiweka mahali ambapo siyo pake, na mwenye gari mwenye familia asikubali kuambiwa eti utazoea tu.

Wiki hiyohiyo nikagundua rimu ya mbele kushoto imepinda kwa ndani, shimo la kawaida tu ambalo za kiwandani zimelipita mara mia. Rimu nyembamba na tairi yenye mpira mdogo hazina cha kujilinda. Wengi wanaangalia kile kibandiko cha SFI 15.1 (kiwango cha usalama wa vifaa vya mashindano) cha rimu za nyuma za dragi wanadhani ni cheti cha kila kitu, kile ni kipimo cha mashindano, hakizungumzii mashimo. Na nyie mlioko Texas mjue tangu Januari 2025 gari binafsi haina tena ukaguzi wa usalama, hapa Tarrant umebaki wa moshi tu, maana yake hakuna atakayekusimamisha akakwambia hii haifai. Ni wewe na macho yako.

Kufunga nako kuna mambo. Tundu la katikati la rimu nyingi za dragi ni kubwa kuliko habu ya Mustang ambayo ni milimita 70.5, kwahiyo nunua pete za habu, bila hizo rimu inakaa kwa kutegemea nati peke yake na kwenye kilomita 110 kwa saa usukani utatetemeka hata balansi ifanyike mara kumi. Nati hakikisha ni za aina inayotakiwa na hiyo rimu, kuna za koni na kuna za shingo ndefu na washa, hazibadilishani. Duka moja la tairi nilipopeleka mara ya kwanza kijana alikaza kwa bunduki ya upepo mpaka akakwaruza vishimo vya nati, tangu siku hiyo nakaza mwenyewe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, Ford wanataka Nm 204 kwa stadi hizi (bolti za rimu) za M14, halafu baada ya kilomita 80 hivi narudia. Ni kazi ya dakika kumi.

Mdogo wangu yuko Dar ana Mark X, na mtu wa kwanza kuniuliza kuhusu hizi rimu ni yeye, maana alishaona mashimo ya nati ni 5x114.3 (matano kwenye duara la milimita 114.3) sawasawa na Mustang akapiga simu usiku kaka zile za mbele ulizotoa nitumie basi. Nikamwambia mashimo yanalingana kweli lakini habu ya Toyota ni 60.1, stadi zake ni M12, ofseti, yaani rimu inavyoingia ndani au kutoka nje, ni nyingine kabisa, na hata tukitafuta pete na kila kitu, wewe una matuta ya Mbagala na mvua za Aprili, tairi ya inchi 6 mbele hapana. Akanuna kidogo. Nimemwambia akitaka wepesi atafute za kufuliwa za inchi 17 upana wa kawaida, apime kwenye mzani pamoja na tairi, na hela itakayobaki aweke breki pedi nzuri.

Ile ya mbele iliyopinda fundi mmoja Mkongo hapa Fort Worth aliikagua akasema asingeinyoosha, nikanunua nyingine moja. Sasa hivi za mbele zinakaa stoo zimefungwa blanketi, za kiwandani ndo ziko kwenye gari. Siku ya Ennis naziweka kwenye buti na kiti cha nyuma, nabadilisha palepale kwenye maegesho ya treki na jeki yangu, dakika ishirini na tano, nikimaliza kukimbia nabadilisha tena kabla ya kutoka getini.